Kalamu Iko Mkononi mwa Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Asili ya Watunzi wa Katuni na Mashujaa Wanaopiga Vita Ubaguzi wa Rangi

Maswali haya huibuka kila filamu mpya ya mashujaa inapotoka, ingawa mengi yana umri mkubwa kuliko filamu zenyewe. Nimeanza na mepesi nikaacha yenye utata mwishoni. Yanahusu katuni za Marekani, isipokuwa la mwisho. Pale jibu moja linapoligusa jingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Shujaa ni wa kubuni tu. Asili ya aliyemtunga ina uhusiano gani na vita vyake?

Shujaa hana ukoo wala mtaa ila ule aliopewa na mtunzi, na adui yake ni vivyo hivyo. Mtunzi ndiye anayeamua ubaguzi uingie kwenye hadithi kwa sura gani. Anaweza kuuvalisha kofia ya kuficha uso ukawa jambazi mmoja. Anaweza pia kuuonyesha kama mkataba wa kazi, amri ya jeshi au askari wa doria. Jambazi atapigwa ngumi na hadithi itakwisha kabla ya matangazo ya ukurasa wa mwisho. Mkataba hauna taya la kupigwa.

Ukizisoma katuni hizi tangu 1938 utaona mwelekeo. Watunzi ambao ubaguzi uliwafuata hadi mezani pao waliuweka ndani ya taasisi, na shujaa wao mara nyingi hashindi moja kwa moja. Walioutazama kwa mbali walimtafuta mtu mbaya. Huo ni mwelekeo tu, na swali la 10 linaonyesha unavyovunjika.

2. "Mtunzi" ni nani hasa, wakati katuni moja hutengenezwa na watu wengi?

Kuna mwandishi wa hadithi, mchoraji wa penseli, wa wino, mpaka rangi, anayeandika maneno kwenye viputo, mhariri, na juu yao mwenye kampuni. Black Lightning wa mwaka 1977 aliandikwa na Tony Isabella, mzungu, akachorwa na Trevor Von Eeden, kijana mweusi mzaliwa wa Guyana. Kwa hiyo anayeuliza Black Lightning ametungwa na mtu wa rangi gani anapata majibu mawili.

Mimi hutazama kwanza anayeandika, kisha anayemiliki. Jerry Siegel na Joe Shuster waliziuza haki za Superman kwa dola 130, na kuanzia hapo mhusika akawa wa kampuni. Habari ya umiliki inarudi kwenye swali la 11, na pale ndipo uzito wake unapoonekana.

3. Ni kweli kwamba mashujaa wa mwanzo walitungwa na Wayahudi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Siegel na Shuster walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi na walikutana Cleveland. Bob Kane na Bill Finger wa Batman, Joe Simon na Jack Kirby wa Captain America, na Stan Lee aliyekuja kuongoza kampuni ya Marvel, wote walikuwa Wayahudi. Kazi za heshima kwenye matangazo na majarida makubwa hazikuwa rahisi kwao kuzipata. Katuni ilikuwa biashara ya kudharauliwa, kwa hiyo mlango wake ulikuwa wazi.

Wengi walibadili majina. Jacob Kurtzberg akawa Jack Kirby, Stanley Lieber akawa Stan Lee, Robert Kahn akawa Bob Kane. Mashujaa wenye majina mawili, moja la hadharani na moja la siri, walitoka kwa watu waliokuwa nayo mawili.

4. Uyahudi wao ulionekana kwenye hadithi?

Jalada la toleo la kwanza la Captain America linamwonyesha akimtwanga Hitler ngumi ya taya. Toleo hilo lilikuwa sokoni Desemba 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani, wakati Wamarekani wengi walisema vita vya Ulaya haviwahusu. Vitisho vilimiminika ofisini. Simon alisimulia baadaye kwamba polisi waliletwa kuwalinda, na meya wa New York, Fiorello La Guardia, akapiga simu kuwaambia wasiogope. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Aprili 1940, gazeti la SS, kikosi cha Wanazi, lilikuwa limemshambulia Siegel kwa Uyahudi wake, kwa sababu ya hadithi fupi ambamo Superman anawakamata Hitler na Stalin na kuwapeleka mahakamani.

Lakini mtazame Captain America mwenyewe: nywele za dhahabu, macho ya bluu, sura ileile ambayo Wanazi waliitukuza. Watunzi wake waligoma kunyamaza, na papo hapo hawakuthubutu kumpa shujaa sura yao. Soko lilikuwa na masharti yake.

5. Kama waliujua uchungu wa kubaguliwa, mbona walichora watu weusi kwa dhihaka?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kaburi hili halikuwa lao. Simon na Kirby, walewale wa ngumi ya Hitler, walikuwa na Whitewash Jones mwaka 1941: kijana mweusi mwenye midomo ya kupindukia, macho ya kutoka na Kiingereza cha kuchekesha. Will Eisner, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne ile na Myahudi pia, alimpa shujaa wake Spirit msaidizi aitwaye Ebony White, wa mtindo uleule. Wote waliukuta mtindo huo kwenye sinema na majukwaa ya vichekesho wakauchukua bila kuuliza.

Walioukataa ni waliochorwa. Mwaka 1945 kundi la wanafunzi wa New York lilikwenda katika ofisi za Fawcett, wachapishaji wa Captain Marvel, kupinga mhusika mweusi aliyeitwa Steamboat. Fawcett ikamwondoa. Nikiulizwa ushindi wa kwanza dhidi ya ubaguzi katika katuni za mashujaa ni upi, nitawataja watoto hao kabla ya Captain America.

6. Ni lini watu weusi walichapisha mashujaa wao wenyewe?

Mwaka 1947. Orrin C. Evans, mwandishi wa habari wa Philadelphia, alitoa All-Negro Comics, kitabu kilichoandikwa na kuchorwa na watu weusi pekee. Ndani yake alikuwemo Lion Man, mwanasayansi mweusi aliyesomea Marekani na kutumwa na Umoja wa Mataifa kwenda Gold Coast, Ghana ya leo, kulinda mlima wenye madini ya urani. Miaka 19 kabla ya Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther, tayari kuna mwanasayansi mweusi, Afrika, na madini yanayotamaniwa na dunia.

Lilitoka toleo moja tu. La pili lilipokuwa tayari, wauzaji wa karatasi waligoma kumuuzia Evans. Wakati huohuo Matt Baker, mchoraji mweusi hodari mno, alikuwa akiwachorea wachapishaji wengine wanawake wa kizungu warembo, akiwemo Phantom Lady, na wasomaji wengi hawakujua mkono uliowachora ni wa rangi gani. Mtu mweusi aliweza kufanya kazi almradi asionekane.

## Enzi ya mafumbo

7. Kwa nini miaka ya 1950 ubaguzi ulizungumzwa kwa mafumbo?

Kwa sababu kuusema wazi kulikuwa na gharama. Mwaka 1953 kampuni ya EC ilichapisha hadithi iitwayo Judgment Day, iliyoandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mwanaanga kutoka Duniani anaikagua sayari ya maroboti, anakuta wa rangi ya chungwa wanawabagua wa bluu, anawanyima nafasi katika umoja wa sayari. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake, na ni mtu mweusi.

Mwaka 1954 wachapishaji wenyewe walianzisha chombo cha kukagua katuni, na bila muhuri wake wauzaji wengi hawakupokea kitabu. EC ilipotaka kuirudia hadithi hiyo, mkaguzi mkuu, Charles Murphy, aliyekuwa jaji, alidai mwanaanga asiwe mweusi. Alipogomewa akadai angalau matone ya jasho usoni pake yafutwe. Mwenye kampuni, William Gaines, alitishia kuyaanika yote hadharani. Hadithi ikatoka mapema 1956 bila kubadilishwa, katika kitabu cha mwisho cha katuni ambacho EC ilichapisha. Ubaguzi wa maroboti ulipita bila neno. Uso mmoja wa mtu mweusi ndio ulioleta vita.

8. Mutanti wa X-Men, watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, ni fumbo la watu weusi au la Wayahudi?

La wote, na hapo ndipo nguvu na udhaifu wake ulipo. Stan Lee na Jack Kirby walipowaanzisha mwaka 1963, vijana watano wa kwanza walikuwa wazungu watupu. Watu wanapenda kusema Profesa Xavier, kiongozi wao, ni Martin Luther King na Magneto, mpinzani wake, ni Malcolm X. Ulinganisho huo ulikuja baadaye na haumkai vizuri Magneto. Aliyempa Magneto moyo ni Chris Claremont, Myahudi kwa upande wa mama aliyewahi kuishi katika kibbutz, kijiji cha ushirika, nchini Israel. Kuanzia 1981 Magneto ni mtu aliyetoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na Claremont mwenyewe amemlinganisha na Menachem Begin, mpiganaji wa siri aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israel. Mjadala wa Xavier na Magneto, ulivyoandikwa na Claremont, ni mjadala wa Kiyahudi kuhusu nini kifanyike baada ya mauaji ya halaiki.

Kwa msomaji mweusi fumbo hili lina tundu. Mutanti anaweza kulipua mji kwa kutazama tu, kwa hiyo anayemwogopa ana sababu. Mtu mweusi anaogopwa bila kuwa na kitu mkononi. Tena mutanti wengi wa mwanzo waliweza kuvaa koti na kutembea barabarani bila kutambuliwa, kama ambavyo Kurtzberg aliweza kuwa Kirby. Ngozi haivuliwi.

9. Black Panther alipewa jina la chama cha kisiasa?

Hapana. T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther, alitokea katika toleo la Julai 1966, na chama cha Black Panther, cha Wamarekani weusi, kilianzishwa Oakland mwezi Oktoba mwaka huohuo. Kirby alisema baadaye kwamba alimbuni baada ya kugundua hakuwa na watu weusi kwenye katuni zake. Mchoro wa awali ulikuwa na jina jingine, Coal Tiger, na tushukuru halikupita.

Kwa enzi ile alikuwa wa ajabu: mfalme, mwanasayansi, tajiri kuliko wageni wake wazungu. Ila Wakanda haikuwahi kutawaliwa, kwa hiyo ubaguzi ulikuwa jambo la mbali, la Marekani.

10. Kwa hiyo mzungu hawezi kuandika habari hizi vizuri?

Anaweza, na ushahidi mzuri ni wa Black Panther huyohuyo. Don McGregor, mzungu, alipewa kumwandika mwaka 1973 katika jarida ambalo hadi hapo lilikuwa likirudia hadithi za zamani za wazungu wanaotawala misitu. Aliandika mkasa mrefu unaotokea Wakanda, na karibu wahusika wote ni Waafrika. Amesimulia kwamba ofisini waliulizana wazungu wako wapi. Akawapa wazungu: mwaka 1976 alimpeleka T'Challa Georgia kupambana na Ku Klux Klan, genge la wazungu wabaguzi. Mchoraji wake, Billy Graham, alikuwa mweusi. Mauzo yalikuwa madogo, jarida likafutwa hadithi ikiwa haijaisha.

Halafu 1977 Kirby, mbunifu mwenyewe, akarudishwa kumwandika. Alimpa T'Challa sanamu ya chura inayovuta vitu kutoka nyakati nyingine. Klan haikutajwa. Anayedhani kwamba asili ya mtunzi inatabiri kila kitu atazame hapo: mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, askari wa zamani wa vita dhidi ya Wanazi, alitaka tu kuchora visa vya kusisimua, na ilikuwa haki yake.

Denny O'Neil na Neal Adams nao, wazungu wote wawili, waliandika mwaka 1970 ukurasa usiosahaulika. Mzee mweusi anamuuliza Green Lantern: umewasaidia watu wa ngozi ya bluu, ya chungwa na ya zambarau katika sayari za mbali, mbona hujawahi kuwasaidia weusi? Green Lantern anainamisha kichwa.

Yaliyoharibika nayo ni mengi. Falcon, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa shujaa katika kampuni kubwa, alianza 1969 kama mfanyakazi wa jamii wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, na 1975 waandishi wazungu wakaamua kwamba maisha yake hayo ni uongo na kumbe alikuwa mhuni wa mjini. DC, kampuni ya Superman, nayo ilikuwa karibu kutoa Black Bomber, mzungu mbaguzi anayegeuka shujaa mweusi bila kujijua. Isabella ndiye aliyewaomba wautupe mpango huo, na badala yake akawaletea Black Lightning wa swali la 2. Ukiuliza ni nani aliyekosekana kwenye kikao kilichoupitisha mpango wa Black Bomber, jibu utakuwa umelipata mwenyewe.

## Kalamu ilipohama

11. Milestone ilikuwa kitu gani, na kwa nini kila mjadala unaishia kwake?

Ilikuwa kampuni iliyoanza kuchapisha mwaka 1993, ikiongozwa na Wamarekani weusi: Dwayne McDuffie, Denys Cowan, Michael Davis na Derek Dingle. Mkataba wao na DC ndio uliokuwa jambo jipya. DC ilichapa na kusambaza, huku Milestone ikibaki na hakimiliki ya wahusika na uamuzi wa hadithi.

McDuffie alikuwa ameichoka hali ya wakati ule. Akiwa Marvel aliwahi kuwaandikia wakubwa wake pendekezo la dhihaka la timu ya vijana weusi wa mchezo wa ubao wa magurudumu, kwa sababu wakati ule mashujaa weusi wa kampuni hiyo wenye ubao huo walikuwa wamezidi. Hoja yake ya msingi ilikuwa rahisi: shujaa mweusi akiwa mmoja tu kwenye kitabu, analazimika kubeba taifa zima. Wakiwa kumi, mmoja anaweza kuwa mjinga, mwingine mlokole, mwingine tajiri asiyependa maskini.

Hardware ndicho kitabu ninachokipenda zaidi. Curtis Metcalf ni mvumbuzi mweusi aliyesomeshwa na bwana Edwin Alva, tajiri mzungu, akamtajirisha kwa uvumbuzi wake. Anapoomba sehemu ya faida anaambiwa yeye ni mtumishi tu. Anatengeneza vazi la kivita kwa mali ya kampuni na kuanza kumhujumu bosi wake. Aliyeandika hayo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kampuni iliyomiliki kila alichotunga. Hakuna Klan humo. Kuna barua za ofisini, ahadi na mshahara.

Icon ni mjanja zaidi. Mgeni kutoka sayari nyingine anaanguka kwenye shamba la pamba mwaka 1839, anachukua umbo la mtu wa kwanza kumwona, mwanamke mtumwa, na kuanzia hapo anaishi Marekani kama mtu mweusi. Ni hadithi ya Superman ikiangukia upande mwingine wa rangi. Kufikia miaka ya 1990 ni mwanasheria tajiri, mhafidhina, anayeamini kila mtu ajiinue mwenyewe. Anayembadilisha mawazo ni Raquel, msichana maskini aliyeingia kumwibia. Siku ya kwanza wanapojitokeza kusaidia, polisi wanawaelekezea bunduki.

Static, kijana wa umeme, alipewa jina la Virgil Hawkins, mtu wa kweli aliyepigania mahakamani kuingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Florida. Vitabu vilikoma 1997, lakini katuni ya televisheni ya Static ilionyeshwa kuanzia 2000 hadi 2004. Na jambo dogo lisilosahaulika: Milestone ilipaka rangi kwa namna iliyowapa watu weusi ngozi tofautitofauti, badala ya kahawia moja kwa wote.

12. Isaiah Bradley ni nani, na kwa nini alizua ugomvi?

Ni Captain America mweusi. Katika Truth, ya mwaka 2003, mwandishi Robert Morales na mchoraji Kyle Baker, wote Wamarekani weusi, waliuliza swali ambalo Simon na Kirby hawakuwa na sababu ya kuliuliza: ile dawa iliyomtengeneza askari bora ilijaribiwa kwa nani? Jibu lao lilitoka kwenye historia. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali iliwatazama wanaume weusi takriban 400 wenye kaswende wakiugua bila kuwapa tiba. Katika hadithi, askari weusi wanachomwa sindano, wengi wanakufa, Isaiah anabaki. Anakwenda vitani amevaa vazi lisilo lake, na anaporudi anafungwa jela kwa kulivaa.

Wasomaji wengine walikasirika kabla kitabu hakijatoka, wakidai Captain America ameharibiwa. Mwaka 2021 kipindi cha televisheni kilichoongozwa kiuandishi na Malcolm Spellman, mweusi pia, kilimleta Isaiah akiwa mzee, akimwambia Sam Wilson, yule Falcon wa swali la 10, kwamba hakuna mtu mweusi mwenye kujiheshimu ambaye angetaka kuwa Captain America. Linganisha na jalada la swali la 4. Jina ni lilelile.

13. Mwandishi mweusi analazimika kuandika habari za ubaguzi?

Christopher Priest angekujibu kwa mguno. Alikuwa mhariri mweusi wa kwanza Marvel, na kuanzia 1998 aliandika Black Panther ambaye wengi wanamwona bora kuliko wote. Alisita kuichukua kazi hiyo. Alipoichukua, alimfanya mzungu mwoga wa serikali, Everett K. Ross, kuwa msimulizi, akijua wasomaji wengi ni wazungu na watamwona T'Challa kwa macho ya Ross. Kisha akautumia ujinga wa Ross kuwacheka.

Baadaye alikaa miaka mingi nje ya katuni, na ameeleza kwamba simu zilizomfikia zilikuwa za kumpa wahusika weusi tu. Alirudi 2016 na Deathstroke, muuaji mzungu wa kukodiwa. Huo nao ni ubaguzi, wa aina ya adabu: kumwalika mtu mezani na kumpangia atakachokula.

## Penye utata

14. Miles Morales, Spider-Man mweusi, alibuniwa na mzungu. Ana dosari?

Alianza 2011, kwa kalamu ya Brian Michael Bendis na penseli ya Sara Pichelli wa Italia. Bendis ni Myahudi na baba mlezi wa mabinti weusi. Miles aliandikwa kwa upendo, familia yake ina uhai. Lakini mwaka 2016, Miles analalamika kwamba hataki kuwa Spider-Man mweusi, anataka kuwa Spider-Man tu. Wasomaji wengi weusi walisikia humo sauti ya mtu mwingine. Hamu hiyo ni ya kweli kwa kijana yeyote. Kilichokosekana ni mtu chumbani wa kuuliza kwa nini mambo hayo mawili yagongane.

Kamala Khan, shujaa Mwislamu ambaye kitabu chake kilianza 2014, alikwenda njia nyingine. Mwandishi, G. Willow Wilson, ni mzungu aliyesilimu. Mhariri, Sana Amanat, ni Mmarekani wa wazazi Wapakistani, na visa vya nyumbani kwao viliingia kwenye hadithi. Mwaka 2015 watu wa San Francisco walibandika picha za Kamala juu ya matangazo ya kuwachukia Waislamu kwenye mabasi.

15. Kwa nini filamu ya Black Panther ilimbadilisha M'Baku?

Katika katuni ya 1969, iliyoandikwa na Roy Thomas na kuchorwa na John Buscema, aliitwa Man-Ape, mtu mweusi aliyevaa ngozi ya sokwe. Hakuna haja ya kueleza kwa nini hilo halivumiliki. Filamu ya 2018, ya Ryan Coogler, ililiacha jina hilo kabisa, ikamfanya kiongozi wa kabila lenye heshima yake na mzaha wake.

Badiliko kubwa zaidi ni la Killmonger, adui wa T'Challa. Katika katuni za McGregor alikulia uhamishoni Harlem. Coogler, mzaliwa wa Oakland, alimpeleka Oakland, mji wa chama cha Black Panther, akampa swali ambalo katuni zilikuwa zimelikwepa tangu 1966: Wakanda yenye uwezo wote ule ilikuwa wapi wakati weusi wengine wakiuzwa?

16. Na watunzi wenye asili ya Asia?

Mwaka 1944 Chu Hing, Mmarekani mwenye asili ya China, alichora Green Turtle, shujaa anayeisaidia China dhidi ya Japani. Uso wake karibu hauonekani: umefunikwa na vazi, mkono au kivuli. Inasimuliwa kwamba mchapishaji alikataa shujaa Mchina, na Chu akaamua kumficha. Mwaka 2014 Gene Luen Yang na Sonny Liew waliandika chanzo chake, wakamfanya waziwazi mtoto wa wahamiaji wa Kichina.

Yang alifanya jambo kama hilo kwa Superman. Mwaka 1946 kipindi cha redio cha Superman kilirusha mkasa ambamo genge la mfano wa Klan linaiandama familia ya Kichina. Katika toleo la Yang la 2019 familia ile inapewa binti mwenye mawazo yake, na Superman mwenyewe anaogopa kuonekana mgeni. Kwenye redio, Superman aliwaokoa wahamiaji. Kwa Yang, ni mmoja wao.

17. Storm ni Mkenya? Na Wakanda iko Afrika Mashariki?

Storm, mutanti wa X-Men, ni Mkenya kwa mama: N'Dare, binti wa ukoo wa kifalme, aliyeolewa na mpiga picha Mmarekani. Len Wein na Dave Cockrum, wazungu, walimwanzisha mwaka 1975 akiabudiwa kama mungu wa mvua nchini Kenya, na nywele nyeupe zilizonyooka na macho ya bluu. Claremont akamwongezea utoto wa Cairo na safari ya miguu hadi Serengeti. Kwa miaka mingi Kenya yake ilikuwa nyasi na ngoma tu, Nairobi haimo. Mwaka 2024 mfululizo wake ulipewa Murewa Ayodele, Mnigeria.

Wakanda imehamahama, ila ramani za Marvel huiweka karibu na Ziwa Turkana. Kwenye filamu wanazungumza Kixhosa, cha Afrika Kusini. Mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter alichukua wekundu wa Wamasai kwa walinzi wa kike wa mfalme, na waigizaji wetu walikuwemo: Lupita Nyong'o wa Kenya, Florence Kasumba mzaliwa wa Kampala, na Daniel Kaluuya, Mwingereza wa wazazi Waganda.

18. Shujaa mweusi aliyetungwa na wazungu kwa ajili ya wasomaji wa Afrika, yukoje?

Yupo: Powerman, aliyeuzwa Nigeria kuanzia 1975. Alitengenezwa Uingereza, na miongoni mwa wachoraji walikuwa vijana wawili wa Kiingereza waliokuja kuwa maarufu sana, Dave Gibbons na Brian Bolland. Ana nguvu, anaruka, na udhaifu wake ni sumu ya nyoka. Mtu wa London alipofikiria ni kitu gani kingemwangusha shujaa wa Kiafrika, alifikiria nyoka.

Kwezi, aliyeanzishwa na Loyiso Mkize wa Afrika Kusini mwaka 2014, ni kijana wa jijini mwenye majivuno, anayepiga picha zake mwenyewe na kupenda sifa mtandaoni. Kinachomsumbua mwanzoni ni kutojua anatoka kwa nani, hadi wenzake wanapokuja kumweleza nguvu zake zina asili gani katika simulizi za watu wake.